Baba wa Taifa na Boma Lisilo na Baba: Mvuto wa Kiongozi wa Mabavu na Athari za Vita katika Nyumba za Kitui na Makueni

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemchambua mtawala dhalimu kwa kina, lakini haujauliza vya kutosha kwa nini mtawala huyo hupendwa na wale wale anaowaumiza. Makala haya yanadai kwamba sehemu kubwa ya mvuto wake inatokana na lugha ya nyumbani: hujiita baba, huwaita raia watoto, na huaminisha watu kwamba nyumba isiyo na mkono mkali huanguka. Dai hilo linapimwa kwa historia ya nyumba zenyewe katika Kitui na Makueni, ambako vita viwili vikuu viliwaondoa wanaume bomani. Inaonyeshwa kwamba nyumba hizo ziliumia sana, lakini hazikusimamishwa tena na kiboko. Zilisimamishwa na ushirika wa kazi, hasa wa wanawake, uitwao mwethya.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na mtawala wa mabavu mapema katika masomo yake. Humkuta katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) na katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009). Tumezoea kuorodhesha sifa zake: ni mbinafsi, ni katili, ni mwoga anayejificha nyuma ya askari. Tukishamaliza orodha hufunga kitabu, kana kwamba udhalimu ni tabia mbaya ya mtu mmoja, na mtu huyo akiondoka mambo yatakuwa shwari.

Mtazamo huo una upungufu. Mtawala hana askari wa kumsimamia kila raia. Wengi humtii bila kusukumwa, na baadhi yao humpenda kwa dhati, humwimbia na kumlilia anapofariki. Watu hao si wajinga. Ni wazazi wetu, walimu wetu na majirani zetu, na wana sababu zao. Iwapo uhakiki hauwezi kuzieleza sababu hizo, utakuwa unamfundisha mwanafunzi kumtambua dhalimu kitabuni tu, huku akimshangilia uwanjani.

Makala haya yanachukua Ukambani, hususan Kitui na Makueni, kuwa uwanja wa uchunguzi. Ikumbukwe kwamba Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Kwa hiyo masimulizi ya Machakos ya kabla ya mwaka huo, yakiwemo ya milima ya Mbooni na Kilungu, ni masimulizi ya Makueni pia. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, jamii yake haikuwa na wafalme, hivyo haiwezi kudaiwa kwamba ilizoea kutawaliwa na mtu mmoja tangu asili. Pili, ni eneo ambalo serikali ya kikoloni ililichota askari na wapagazi kwa wingi, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kutazama vita vinavyoifanya nyumba.

2.0 Mamlaka yaliyokuwa na mpaka

Kabla ya ukoloni, mambo ya kijiji cha Wakamba, yaani utui, yaliamuliwa na baraza la wazee liitwalo nzama. Wazee walikaa, wakasikiliza pande zote, wakajadiliana hadi wakaafikiana. Hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuamuru peke yake.

Hata hivyo, jamii hii ilifahamu pia thamani ya amri ya mtu mmoja wakati wa hatari. Msafara wa vita au wa uwindaji uliongozwa na muthiani, mtu aliyejulikana kwa ujasiri na ujuzi wa njia. Porini hapakuwa na nafasi ya mjadala mrefu, na neno la muthiani lilifuatwa. Lakini msafara uliporudi nyumbani, mamlaka hayo yalikoma. Uongozi wa vita ulikuwa na mwanzo na mwisho, na mwisho wake ulikuwa mlangoni pa boma.

Hata watu waliojipatia nguvu kubwa hawakuuvunja mpangilio huo. Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa na misafara iliyofika pwani na wafuasi wengi. Ilikuwa katika safari hiyo ya Kitui ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Ila nguvu za Kivoi zilitokana na mali na ukarimu wake. Alipouawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea Mto Tana, hapakuwa na kiti cha enzi cha kurithiwa.

Nyumbani nako mambo hayakuwa sahili kama tunavyodhani. Mwanamume alikuwa mkuu wa boma, lakini kila mke alikuwa na nyumba yake, shamba lake na ghala lake. Aidha, ilikuwapo desturi ya iweto, ambayo bado inajulikana Kitui na Makueni: mwanamke asiyejaliwa watoto, au asiye na mtoto wa kiume, humwoa mwanamke mwenzake ili watoto watakaozaliwa waendeleze jina la nyumba na kurithi ardhi yake. Desturi hiyo inatufunza kwamba ubaba katika boma la Kikamba ulikuwa nafasi ya wajibu, na kwamba nafasi hiyo mwanamke aliweza kuishika.

Ukoloni ndio ulioubadilisha mpangilio huu. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wakuu wa vijiji iliwaweka watu walioteuliwa na serikali, wakiwa na mamlaka ya kuamuru kazi na kusaidia kukusanya kodi. Kwa maoni yangu, chifu wa kikoloni anaweza kueleweka kama muthiani ambaye msafara wake haurudi kamwe: amri ya vita ilifanywa kuwa amri ya kila siku.

3.0 Vita vinapoingia bomani

3.1 Vita Vikuu vya Kwanza (1914-1918)

Vita kati ya Waingereza na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki vilitegemea mgongo wa mpagazi. Magari yalikwama matopeni, wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, na chakula pamoja na risasi vikabebwa na watu. Jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na ndilo lililozaa majina Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Mwaka 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu katika wilaya nyingi za Kenya. Kazi hiyo iliongozwa na John Ainsworth, ambaye katika miaka ya 1890 alikuwa mtawala huko huko Machakos.

Takwimu rasmi za Uingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa katika kampeni hiyo. Baadhi ya wanahistoria wanaamini kwamba idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na chakula wasichokizoea. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Kwa nyumba ya Kitui au Mbooni, maana ya jambo hili haikuwa ya kitakwimu. Mwanamume aliyefia Tanganyika hakuzikwa na wake. Mkewe hakujua kama ni mjane au ni mke anayesubiri. Wazee hawakujua kama wagawe mali au wangoje. Kisha mwaka 1918 ukaja na ukame na homa kali ya mafua iliyoenea duniani, ikavipata vijiji vimepungukiwa na mikono ya kulima na kuchota maji. Katika hali hiyo mwanamke alifanya maamuzi ambayo zamani yangengoja kikao cha wanaume: auze mbuzi yupi, alime wapi, mtoto yupi apelekwe kwa wajomba.

3.2 Mwaka 1938

Kati ya vita viwili, serikali iliamua kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu kwa hoja kwamba walikuwa wakiharibu ardhi. Mifugo ikakamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini. Mwaka 1938 maelfu ya watu wa Machakos, wanaume, wanawake na watoto, walitembea hadi Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao mashuhuri, Samuel Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini mpango wa kuwanyang'anya watu ng'ombe ukasimamishwa. Serikali ilikuwa na hofu: Wakamba walikuwa wengi katika jeshi na polisi, na vita vingine vilikuwa vikinukia.

Tukio hilo lina umuhimu wa pekee. Muindi Mbingu alipendwa mno, lakini uongozi wake ulifanana na wa muthiani wa kale. Ulikuwa wa safari moja kwa lengo moja, na watu waliubaki nao msimamo hata baada ya yeye kuondolewa.

3.3 Vita Vikuu vya Pili (1939-1945)

Katika vita hivi wanaume wapatao 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini, na Wakamba wakawa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi zaidi. Walipigana na majeshi ya Mussolini katika Somalia na Ethiopia, kisha wakapelekwa Burma kupambana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa katika Bahari ya Hindi. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa Afrika ya Mashariki.

Athari zake nyumbani zilitofautiana na za vita vya kwanza. Safari hii askari alilipwa, na sehemu ya mshahara wake ilitumwa kwa jamaa. Kijana aliyerudi na fedha aliweza kujilipia mahari bila kumtegemea baba yake, na hivyo ufunguo mmoja wa mamlaka ya wazee ukalegea. Mke aliyekuwa akipokea fedha za mumewe naye alijikuta katikati ya mvutano kati ya mama mkwe, shemeji na karani, kila mmoja akidai sauti juu ya fedha hizo.

Kwa wanafunzi wa lugha, kuna athari nyingine isiyopaswa kupuuzwa. Jeshi lilikuwa shule ya Kiswahili. Askari wa KAR walizungumza lahaja sahili ya kambini iliyoitwa Kikeya, yenye amri nyingi na upatanisho mchache wa kisarufi. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, lilisomwa kwa sauti vijijini na wachache waliojua kusoma. Mkamba wengi walikijua Kiswahili kwanza kama lugha ya kuamriwa. Jambo hilo linatuleta kwenye kiini cha makala haya.

4.0 Boma, baraza na baba: maneno ya nyumbani yaliyohamia serikalini

Chunguza maneno matatu.

Neno la kwanza ni boma. Katika matumizi ya kila siku nchini Kenya, boma ni makazi ya familia: ua, zizi, nyumba na watu wake. Lakini utawala wa kikoloni ulilitumia neno lilo hilo kutaja kituo cha serikali, mahali alipokaa Mkuu wa Wilaya na kodi ilipopelekwa. Mtu aliondoka bomani akaenda bomani, na aliporudi alikuwa na deni.

Neno la pili ni baraza. Katika nyumba ya Mswahili wa pwani, baraza ni kibao cha mawe au udongo kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo wageni na majirani huketi wakazungumza. Kiini cha baraza hilo ni mazungumzo. Baraza la chifu lililichukua jina na kuyaacha mazungumzo: mmoja husimama na kusema, wengine huketi na kusikiliza. Hata gazeti la wakati wa vita likaitwa jina hilo, ilhali msomaji hakuwa na nafasi kubwa ya kujibu.

Neno la tatu ni baba. Jomo Kenyatta aliitwa Baba wa Taifa na Mzee. Daniel arap Moi, aliyetawala kati ya mwaka 1978 na 2002, aliitwa Mtukufu Rais na pia Baba. Kumwita mtawala baba kunabadilisha mambo mengi kwa pigo moja. Kodi huwa mchango wa nyumba. Upinzani huwa utovu wa adabu. Adhabu huwa malezi. Na swali la iwapo baba anafaa kuendelea kuwa baba haliulizwi kabisa, kwa kuwa baba hachaguliwi.

Si bahati mbaya kwamba maneno yote matatu yanatoka nyumbani. Mtawala anayetaka kutiiwa bila hoja huhitaji kuazima utiifu ambao tayari upo, na utiifu wa zamani zaidi ni ule wa mtoto kwa mzazi. Katika eneo ambalo vita viliwaacha watoto wengi bila baba wa kumwona kwa macho, ahadi ya baba mkubwa aliye radioni haikuwa na uzito mdogo.

5.0 Mvuto wenyewe: hofu, mazoea na fadhila

Itakuwa dhuluma kudai kwamba mvuto huo ulikuwa wa maneno matupu. Methali zetu zinautambua kwa namna mbalimbali.

Ipo methali isemayo "mkono usioweza kuukata, ubusu." Hii ni busara ya mnyonge: heshima iliyo hofu ndani yake. Wapo waliomshangilia mtawala kwa sababu kunyamaza kulikuwa hatari. Katika mchujo wa uchaguzi wa mwaka 1988, wapiga kura walipiga kura kwa mlolongo, wakisimama nyuma ya mgombea au picha yake mbele ya macho ya chifu na majirani. Katika foleni kama hiyo, mguu wa mtu husema asiloliamini moyo wake.

Ipo pia "zimwi likujualo halikuli likakwisha." Hapa kinachovutia ni mazoea. Mtawala aliyepo, pamoja na ukali wake, anafahamika, na watu waliokwisha kuonja vita huogopa mabadiliko kuliko wanavyoogopa ukali. Aliyemzika ndugu yake bila kaburi anajua kwamba mambo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Ndiyo maana kaulimbiu ya amani, upendo na umoja ya enzi ya Nyayo ilipenya hata kwa watu waliokuwa na malalamiko mengi. Neno amani halikuwa pambo kwao.

Sababu ya tatu ni fadhila. Mwaka 1979 serikali ya Moi ilianza kugawa maziwa bila malipo katika shule za msingi. Kwa mtoto wa Kitui au Makueni, wilaya za ukame ambako ng'ombe hukonda na mito hukauka, pakiti ile ya maziwa ya Nyayo ilikuwa kitu cha kushikika. Baba alikuwa amelisha. Vilevile Rais alionekana mara kwa mara Ukambani akipanga mawe kwa mikono yake mwenyewe kujenga vizuizi vya mmomonyoko wa udongo. Nani asingevutwa na kiongozi anayeinama kushika jiwe?

Lakini hapa ndipo mhakiki anapopaswa kutazama nyuma ya picha. Jiwe lile liliwekwa katika ardhi ambayo wanawake wa Ukambani walikuwa wameihifadhi kwa miongo kadhaa. Jambo hili tutalirudia katika sehemu ya saba. Kwanza tuone fasihi inavyolishughulikia suala la nyumba.

6.0 Ushahidi wa fasihi

Katika Kifo Kisimani, mtawala Bokono wa Butangi anakabiliwa na Mwelusi, kijana anayewaamsha raia. Bokono ana askari na ana gereza, lakini havitoshi. Silaha inayommaliza Mwelusi inatoka nyumbani kwake: Gege, nduguye wa damu, anakubali kumuua baada ya kuahidiwa kumwoa Alida, binti wa Bokono. Wahakiki wengi wameisoma sehemu hii kama usaliti wa mtu mwenye tamaa. Ninaona kuna zaidi. Gege hatongozwi kwa fedha peke yake. Anatongozwa kwa undugu mpya, kwa ahadi ya kuwa mkwe na mtoto wa nyumba kubwa. Ili aingie nyumba ya mtawala, anaivunja ya mama yake. Tamthilia hii inatuonyesha kwamba mvuto wa mabavu ni mvuto wa kuhesabiwa miongoni mwa jamaa ya mwenye nguvu.

Katika Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981), Lanina anawaongoza wafanyakazi dhidi ya unyonyaji katika shamba la mzungu. Mapambano yake yana nyuga mbili, kwa sababu uongozi wake unatiliwa shaka shambani na nyumbani pia, kwa hoja kwamba mahali pa mwanamke si pale. Mwandishi anaweka bayana kwamba mwajiri na mume wanaweza kuzungumza lugha moja bila kuwahi kukutana. Anayetaka kuung'oa udhalimu wa nje akauacha wa ndani hukata matawi.

Mfano wa tatu ni Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, utenzi wa beti zipatazo 3,000 kuhusu vita vya mwaka 1939 hadi 1945, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya mwandishi kufariki. Hitler na Mussolini wanaingia katika utenzi wa Kiswahili, na vita dhidi yao vinapewa jina la uhuru. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hawezi kukwepa kinaya cha jina hilo: askari wa Kitui alivuka bahari kupigania uhuru wa mataifa mengine, akarudi katika nchi ambamo yeye mwenyewe hakuwa na kura. Alikuwa ameambiwa kwamba kiongozi wa mabavu ni adui wa ulimwengu. Kijijini kwake akamkuta chifu yuko pale pale.

Kazi hizi tatu zikisomwa pamoja zinatuzuia kumtazama dhalimu kama mtu wa mbali. Yumo katika mahusiano ya ndugu na ndugu, ya mume na mke, ya askari na nchi aliyoipigania.

7.0 Mwethya: jibu la nyumba yenyewe

Turejee kwenye udongo. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kazi ilisimamiwa na machifu, na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa jeshini au mijini, mzigo uliwaangukia wanawake. Kazi ya kulazimishwa ilichukiwa, na mengi ya matuta ya awali hayakudumu.

Katika miaka ya 1950 mkabala ulianza kubadilika. Kazi ikapangwa kupitia mwethya, utaratibu wa jadi wa Wakamba ambapo majirani hukusanyika kusaidiana kulima, kujenga au kuvuna, leo kwako na kesho kwangu. Vikundi viliruhusiwa kuchagua viongozi wao, na wengi wa waliochaguliwa walikuwa wanawake. Wakulima wakaichagua pia aina ya tuta waliyoiona inafaa, ile ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu. Jina lake ni fanya juu, na leo linatumika katika maandishi ya hifadhi ya udongo nje ya Afrika. Ni jina la Kiswahili chenye muundo wa amri, lakini kazi yenyewe ilistawi pale amri ilipopungua. Utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994 na kuhusisha Machakos pamoja na Makueni ya leo, ulionyesha kwamba ardhi iliyodhaniwa kuwa imekufa katika miaka ya 1930 ilikuwa imehifadhiwa vizuri zaidi miongo mitano baadaye, ijapokuwa watu walikuwa wameongezeka mara kadhaa.

Hapa kuna ushahidi unaolijibu dai la mtawala. Alidai kwamba boma lisilo na baba mkali huanguka. Boma la Ukambani lilikosa baba kwa miaka mingi, kwanza kwa Kariakor, kisha kwa Burma, kisha kwa ajira ya Nairobi na Mombasa. Liliumia, lakini halikuanguka. Lilisimama kwa kazi ya zamu, kwa majadiliano na kwa viongozi ambao wangeweza kubadilishwa msimu ufuatao.

Tusiipambe mwethya kupita kiasi. Machifu waliitumia pia kwa faida yao, na mwanamke aliyelima tuta hakuwa na hati ya shamba. Wala vita havikumkomboa mwanamke, bali vilimwongezea mzigo kabla ya kumwongezea sauti. Hata hivyo sauti ilikuja. Kitui ndiko alikotoka Nyiva Mwendwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Baraza la Mawaziri la Kenya, mwaka 1995. Kitui ndiko alikochaguliwa pia Charity Ngilu, aliyeshinda ubunge mwaka 1992 baada ya kujulikana kwa kazi za vikundi vya wanawake, na ambaye mwaka 1997 alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuwania urais wa nchi hii.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mvuto wa kiongozi wa mabavu unatokana na mambo ya kweli: hofu, kumbukumbu ya vita, haja ya chakula na shauku ya kuwa na baba. Kuyapuuza mambo hayo ni kumwachia mtawala uwanja. Lakini imeonyeshwa pia kwamba picha ya nyumba anayoiuza si picha ya nyumba tunayoijua. Wakamba wa kale walimpa muthiani amri ya vita, wakamnyang'anya mlangoni. Wajane wa Kariakor na wake wa askari wa Burma waliendesha maboma bila kiboko. Mwethya ilifanya kwa hiari yale yaliyoshindikana kwa lazima.

Suala hili halijapitwa na wakati. Tangu Oktoba 2011 askari wa Kenya wamepigana Somalia, na ziko nyumba Ukambani, kama kwingineko nchini, ambazo zimeonja tena kusubiri kusiko na tarehe. Bado husikika katika mikutano ya hadhara kwamba nchi imelegea na inahitaji mtu wa kuichapa. Anayesema hivyo aulizwe kwa upole ni nani aliyeilinda nyumba ya nyanya yake.

Kwa walimu na wanafunzi wenzangu, ninapendekeza kwamba tunapofundisha wahusika kama Bokono, tuwape nafasi pia wahusika wanaowapigia makofi. Maswali yafuatayo yanaweza kuongoza mjadala darasani:

(a) Teua tamthilia moja ya Kiswahili na ueleze ni mahitaji gani ya kweli ya raia ambayo mtawala huyageuza kuwa utiifu.

(b) Mbali na boma, baraza na baba, taja maneno mengine ya nyumbani yanayotumiwa na viongozi. Yanaficha nini?

(c) "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Jadili iwapo methali hii ni busara au ni kukata tamaa, ukirejelea historia ya eneo unakotoka.